Bunia: Pesa ilitoka Ubelgiji, ikarudi Ubelgiji

Kwa siku 19, mama mmoja mkimbizi wa ndani hapa Bunia alikuwa anaamka asubuhi na kutazama telefone yake kabla ya kuwasha moto. Alikuwa anangoja mesaji ya banki. Mdogo wake anayeishi Liège, Ubelgiji, alikuwa amemtumia dola 1.200. Pesa hiyo ilichangwa na watu sita wa ukoo wanaoishi Bulaya. Siku ya 19 telefone ililia, lakini haikuwa banki. Ni mdogo wake aliyepiga, na sauti yake ilikuwa chini.

“Yaya, pesa imerudi huku. Na haikurudi yote.”

Jina la mama huyo halitajwi hapa, kwa usalama wake. Alikimbia kutoka teritware ya Djugu mwaka 2019, wakati maelfu ya watu walipoingia Bunia kwa miguu na kwa pikipiki, wengine na godoro kichwani, wengine mikono mitupu. Alikuja na watoto wanne. Alipita kwa jamaa, kisha kambini Kigonze, kisha akakodi chumba kimoja cha udongo. Anauza samaki kavu wanaotoka Tchomia, kwenye ziwa Albert. Kila Jumamosi anaweka kitu kidogo katika likirimba na wamama wenzake.

Dola zile 1.200 hazikuwa za chakula. Zilikuwa za parseli. Mwenye kiwanja alitaka dola 1.500. Mama alikwisha toa acompte ya dola 300, akiba yake yote ya likirimba, mbele ya sefu wa avenyu na mashahidi wawili. Katika mkataba waliandika kwamba zilizobaki zitalipwa kabla ya tarehe 30 mwezi wa tatu. Tarehe hiyo ikipita, kila mmoja anarudi katika njia yake. Kwa mtu aliyehama mara tatu ndani ya mji mmoja, parseli ni mahali ambapo hakuna mtu atakayemwambia ahame tena.

Pesa ilipoteaje njia? Haikuibwa. Hakuna mtu aliyefanya uovu mkubwa. Njia iliharibika kwa sababu ya herufi mbili na tarakimu mbili zilizowekwa mbele ya namba ya konti. Habari hii inawahusu watu wengi hapa mjini, maana karibu kila familia iliyokimbia ina mtu wake mmoja anayetuma kitu kutoka mbali.

“Tuma IBAN”

Kwa nini hawakutumia njia ambayo kila mtu anaijua, ya kutuma kwa jina na kupokea kwa namba ya siri kwenye duka la kutuma pesa? Mara nyingine walifanya hivyo, kwa dola 50 au 100. Safari hii kiasi kilikuwa kikubwa, na mama hakutaka kutoka dukani na dola 1.200 mkononi, akapita sokoni, kisha akalala nazo katika chumba chenye mlango wa bati. Wamama wa likirimba walikuwa wamemshauri afungue konti katika banki, na alikuwa nayo tangu mwaka uliopita. Alifikiri kwamba pesa ikiingia katika konti, mwenye parseli naye atalipwa kutoka konti kwenda konti, na karatasi itabaki kuwa ushahidi. Fikra hiyo ilikuwa nzuri.

Mdogo wake alifungua programu ya banki kwenye telefone yake huko Liège. Programu ilimuuliza kitu kimoja mbele ya vyote: IBAN ya mpokeaji. Akaandika ujumbe: “Yaya, banki ya huku inaomba IBAN. Bila hiyo haiwezekani. Tuma IBAN.”

Mama hakujua IBAN ni nini. Alichokuwa nacho ni karatasi aliyopewa siku ya kufungua konti, yenye namba ndefu. Asubuhi alikwenda kwa kijana mmoja anayefanya kazi ya kuchapa na kutoa fotokopi karibu na boulevard. Kijana alimwambia kwamba anaweza “kugeuza” namba ya konti kuwa IBAN kwa dola 10. Wakapatana 5. Aliichukua ile namba ndefu, akaweka CD76 mbele yake, akaichapa vizuri katika karatasi nyeupe, na akaweka hata kivuli chini ya herufi. Mama alipiga picha karatasi ile na kuituma Ubelgiji.

Kijana yule alitoa wapi 76? IBAN nyingi za Ufaransa zinaanza na FR76. Mtu anayechapa karatasi nyingi za banki ataiona mara nyingi, na atafikiri 76 ni kama pambo ambalo linakaa hapo siku zote. Basi akatoa FR ya Ufaransa, akaweka CD ya Congo. Pengine hata yeye aliamini kwamba amefanya kazi halali. Lakini zile tarakimu mbili si pambo. Ndizo zinazolinda namba nzima.

IBAN ni nini hasa

Zamani, kila nchi ya Ulaya ilikuwa na namna yake ya kuandika namba za konti. Ubelgiji ilikuwa na yake, Ujerumani yake, Italia yake. Mtu akituma pesa kutoka nchi moja kwenda nyingine, karani aliandika namba asiyoielewa, na akikosea tarakimu moja hakuna aliyejua mpaka pesa ifike mahali pasipo pake au irudi. Ndiyo sababu banki za Ulaya zilikubaliana kuwa na kanuni moja. Kanuni hiyo ilichapishwa mwaka 1997 kama kipimo cha kimataifa namba 13616. Haikufuta namba za kila nchi. Ilizivika tu vazi moja ambalo kila banki inaweza kulisoma.

Vazi hilo lina sehemu tatu. Kwanza herufi mbili za nchi: BE ni Ubelgiji, FR ni Ufaransa, DE ni Ujerumani. Pili, tarakimu mbili za kuhakikisha. Tatu, namba ya konti kama inavyoandikwa katika nchi hiyo. Urefu wake unategemea nchi. Norwe inatumia alama 15 tu, Ubelgiji 16, Ujerumani 22, Ufaransa 27. Hakuna inayoruhusiwa kupita 34.

Sehemu ya kati ndiyo yenye akili. Mfano unaojulikana sana wa IBAN ya Ubelgiji ni huu: BE68 5390 0754 7034. Mashine ya banki inachukua alama nne za mbele, BE68, na kuzipeleka nyuma. Kisha inageuza herufi kuwa tarakimu: A ni 10, B ni 11, C ni 12, na kuendelea hivyo mpaka Z ambayo ni 35. Kwa hiyo B inakuwa 11 na E inakuwa 14. Inapatikana namba moja ndefu: 539007547034111468. Mashine inaigawa kwa 97. Ikibaki 1, namba imeandikwa sawasawa. Ikibaki kitu kingine, kuna kosa, na pesa haitoki.

Binti mkubwa wa mama huyo, anayesoma mwaka wa nne wa sekondari, alipopata maelezo hayo kwa odio kutoka kwa mjomba wake, hakuamini. Alichukua daftari na kalamu, akagawa kwa mkono mpaka mwisho. Ilibaki 1. Akagundua na kitu kingine alichoambiwa na mjomba: Ubelgiji ilikuwa na ulinzi wake hata kabla ya IBAN. Ukichukua tarakimu 10 za kwanza za konti ile, 5390075470, na kuzigawa kwa 97, inabaki 34. Na 34 ndizo tarakimu mbili za mwisho za konti yenyewe.

Akajaribu kukosea kwa makusudi. Akabadilishana 4 na 7 zilizo jirani, akaandika 5390075740. Akagawa tena. Ilibaki 13, si 34. Kosa limejulikana palepale, juu ya meza, bila pesa kusafiri hata hatua moja.

Kwa nini 97? Ni namba isiyogawanyika kwa nyingine yoyote isipokuwa 1 na yenyewe, na ndiyo kubwa kuliko zote za namna hiyo chini ya 100. Kwa sababu hiyo inakamata kila kosa la tarakimu moja, na kila kosa la kubadilishana tarakimu mbili zilizo jirani. Hayo mawili ndiyo makosa ambayo mkono wa binadamu unayafanya zaidi anaponakili namba ndefu.

Mlango wa kwanza ulikataa, wa pili ulikubali

Mdogo wake mama alipoingiza CD76 katika telefone yake, programu ilikataa mara moja. Haikufika hata kwenye hesabu ya 97. Ilitazama herufi mbili za mbele tu, ikatafuta CD katika orodha ya nchi zenye IBAN, na haikuiona.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawajaambiwa: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo haitumii IBAN. Haimo katika orodha hiyo, ambayo ina nchi zaidi ya 80 na inatunzwa na shirika la SWIFT, lenye makao yake La Hulpe, Ubelgiji. Si aibu wala si alama ya umaskini. Marekani haitumii IBAN. Kanada haitumii. Kwa majirani zetu, Uganda, Rwanda, Tanzania na Kenya nazo hazimo. Burundi imo: IBAN yake inaanza na BI na ina alama 27. Kwa hiyo familia kutoka Uvira iliyofungua konti Bujumbura inaweza kuulizwa IBAN na kuitoa. Familia yenye konti Bunia, Butembo au Kisangani haiwezi, kwa sababu haipo. Anayekuuzia IBAN ya Congo anakuuzia kitu kisichokuwepo.

Programu ilipokataa, mdogo mtu hakukata tamaa. Alikwenda mwenyewe katika ofisi ya banki yake siku ya mapumziko. Walimpa fomu nyingine, ya kutuma nje ya Ulaya. Fomu hiyo ina sanduku la namba ya konti ambalo linakubali chochote unachoandika. Akanakili kama alivyotumiwa: CD76 na namba yote nyuma yake. Fomu haikukataa. Karani alipiga muhuri. Pesa ikatoka.

Hapo ndipo kosa lilipofungua mlango. Kwa konti ya Ulaya, mashine ya Liège ingeweza kupima namba na kusema hapana. Kwa konti ya Congo haikuwa na kipimo cha kutumia. Kosa halikuonekana mahali lilipoandikwa. Lilionekana mwisho wa safari, katika banki ya Congo, ambako mtu alitafuta konti yenye alama 27 na kukuta kwamba konti za nchi hii zina tarakimu 23.

Kati ya Liège na Bunia, pesa haikupita moja kwa moja. Banki ndogo ya Ubelgiji haina uhusiano na kila banki ya dunia. Inapitia banki nyingine kubwa yenye konti za banki zote mbili, ambayo inaitwa banki ya mawasiliano. Inafanya kazi kama mtu wa katikati anayejulikana na pande mbili. Na kwa pesa ya dola, mara nyingi safari inapita New York. Kila banki ya katikati inaweza kukata ada yake, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Kwa hiyo zile dola 1.200 zilipofika tena Liège, zilikuwa zimepungua karibu dola 70. Hakuna duka, hakuna samaki, hakuna aliyekula nazo ambaye mama anamjua. Dola 70 kwake ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa.

Karani na alama za kalamu

Siku mbili baada ya habari hiyo, mama alikwenda katika banki yake. Alipanga foleni tangu asubuhi. Alipofika gishe alikuwa amejiandaa kugombana. Karani alikuwa dada kijana. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba karatasi ile yenye CD76, akaitazama, akaiweka kando.

“Mama, hii namba tuliyokupa sisi iko wapi?”

Mama alitoa karatasi ya kwanza, ile ya kufungua konti, ikiwa imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa plastiki. Karani aligeuza bordero moja, akaandika namba yote nyuma yake, na kuikata kwa mistari mitatu ya kalamu.

“Tarakimu hizi 5 za kwanza ni banki yetu. Hizi 5 zinazofuata ni gishe, yaani tawi ulipofungulia konti. Hizi 11 ni wewe, mama. Na hizi 2 za mwisho ni klé. Hiyo ni kama sentineli kwenye lango: inatazama zile zilizotangulia kama zimekaa sawa. Ukihesabu zote ni 23. Usiongeze kitu mbele, usipunguze kitu nyuma.”

Kisha akaandika chini yake kitu kingine, herufi kubwa tupu. Hiyo ni kodi ya SWIFT ya banki, ambayo wengine wanaiita BIC. Hiyo ndiyo anwani ya banki duniani. Ina alama 8, au 11. Nne za kwanza ni banki, mbili zinazofuata ni nchi, mbili ni mahali, na kama kuna tatu za mwisho, ni tawi. Kwa kila banki ya nchi yetu, herufi ya tano na ya sita ni CD. Huko CD ina kazi yake. Mbele ya namba ya konti haina kazi.

Karani akauliza swali ambalo mama hakulitegemea: “Na jina, mdogo wako aliandika jina gani?”

Mama alimpigia mdogo wake palepale. Alikuwa ameandika jina la ubatizo la dada yake na jina la baba yao, kama anavyomjua tangu utoto. Lakini katika karte ya uchaguzi, ambayo ndiyo iliyotumika kufungua konti, mama ana majina matatu, na jina la baba halimo. Karani akatikisa kichwa. Akasema kwamba hata kama namba ingekuwa sawa, jina hilo lingesimamisha pesa mezani mpaka mtu aulize. Katika Congo jina na namba lazima viende pamoja kama mtu na kivuli chake. Huko Ulaya kwa miaka mingi mashine zilitazama namba tu. Tangu tarehe 9 mwezi wa kumi 2025, sheria inazitaka banki za nchi zinazotumia euro zilinganishe jina na IBAN kabla ya kutuma. Lakini ulinzi huo ni wa pesa inayotembea kwao kwa euro. Hausaidii konti ya Bunia. Kwa konti ya Bunia, wanaolinganisha ni watu wawili tu: anayetuma na anayepokea.

Mama hakugombana. Aliondoka na bordero ile, na muhuri wa banki juu yake.

Tarehe 30 ilipita

Mdogo wake alituma mara ya pili. Safari hii alikaa na karani wa Liège na kusoma naye kila alama kwa sauti. Katika orodha ya nchi walikuta Congo mbili, na walichagua ile ya Kidemokrasia, CD, si ile ya Brazzaville, CG. Wakaweka namba ya tarakimu 23 bila kitu mbele. Wakaweka kodi ya SWIFT. Wakaandika majina matatu kwa mpangilio wa karte. Wakafikia swali la ada.

Fomu inatoa njia tatu. SHA maana yake anayetuma analipa banki yake, na ada nyingine zinakatwa njiani au kwa anayepokea. BEN maana yake ada zote zinatoka katika pesa inayotumwa. OUR maana yake anayetuma anabeba ada zote, ili kiasi kifike kamili. Mara ya kwanza alichagua SHA bila kujua. Mara ya pili alichagua OUR na kulipa zaidi upande wake, maana parseli hailipwi kwa dola 1.170. Zile 70 zilizopotea walizichanga upya.

Aliomba pia kopi ya karatasi ya uthibitisho, ambayo watu wa banki wanaiita MT103, au “swift” tu. Aliipiga picha na kuituma. Karatasi hiyo inaonyesha siku, kiasi, namba iliyoandikwa, jina lililoandikwa, na namba ya kufuatilia pesa. Kama wangeiomba mara ya kwanza, mama angeipeleka katika gishe siku ya tatu, karani angeliona kosa, na banki ya Liège ingetumiwa marekebisho kabla pesa haijarudi.

Pesa ilifika siku ya nne. Dola 1.200 kamili. Lakini siku hiyo ilikuwa tarehe 5 mwezi wa nne.

Mwenye parseli alikuwa amengoja mpaka tarehe 30, akangoja na siku mbili za heshima, kisha akauza kwa mfanyabiashara aliyekuja na pesa mkononi. Mbele ya sefu wa avenyu alirudisha acompte yote, dola 300, bila kukata hata moja. Alisema: “Mama, mimi pia nina mtoto hospitalini.” Mama alisaini kwamba amepokea. Watu waliokuwepo wanasema hakulia pale. Alihesabu zile noti mara mbili, akazifunga katika kitambaa, na kesho yake akazipeleka banki.

Mwezi wa tano alinunua parseli nyingine upande wa Dele. Ni ndogo kuliko ile ya kwanza, na iko mbali na soko: kwa moto analipa franka nyingi zaidi kila asubuhi, na siku za mvua motari wanakataa kuingia. Hata hivyo ni yake. Amepanda mihogo mstari mmoja kwenye mpaka, na ameanza kupanga matofali.

Daftari la Jumamosi

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika likirimba ya wamama hawa, daftari sasa lina ukurasa mpya. Binti wa mwaka wa nne ndiye aliyeupanga. Kila mama mwenye konti ameandikiwa namba yake kwa mafungu manne, 5, 5, 11 na 2, na chini yake majina yake kama yalivyo katika karte, si kama anavyoitwa sokoni. Juu ya ukurasa ameandika mambo machache, nao wamekubali yatolewe hapa ili yawasaidie wengine.

Ukiulizwa IBAN na ndugu yako aliye Bulaya, mwambie konti ya Congo haina IBAN. Mtumie tarakimu 23 za konti, kodi ya SWIFT ya banki, jina na mji wa banki, na majina yako kamili kama yalivyo katika konti.

Namba hizo zitoe kwenye karatasi ya banki yenyewe, yenye muhuri. Usizitoe kwa mtu anayezigeuza kwa pesa.

Kama programu ya telefone inakataa, ndugu yako atafute sehemu ya kutuma nje ya Ulaya, au aende katika ofisi. Mara nyingi programu ile ya haraka ni ya pesa ya euro kati ya nchi zao.

Muulize kuhusu ada kabla hajatuma, na aombe kopi ya uthibitisho siku hiyohiyo. Siku tano zikipita bila kitu, ipeleke katika gishe. Usisubiri siku 19.

Namba ya konti si siri kubwa. Anayekutumia lazima aijue. Namba ya siri ya kadi na ile ya telefone ndizo usimpe mtu, hata akisema yeye ni wa banki.

Na kama mna mkataba wenye tarehe, pesa itumwe wiki tatu kabla. Mwenye parseli hajui habari za New York.

Jumamosi iliyopita mama mmoja mgeni alileta karatasi yake katika likirimba. Ana mtoto wa kiume Lyon, Ufaransa, ambaye ameahidi kulipa mitihani ya wadogo zake. Karatasi ilikuwa nyeupe, imechapwa vizuri, na mbele ya namba kulikuwa na CD76. Binti aliisoma, akamtazama mama yake. Mama yake aliacha kupanga samaki, akafuta mikono kwenye kitenge, na akaomba kalamu. Alizihesabu tarakimu kwa kidole, polepole, kutoka nyuma kwenda mbele. Alipofika 23 akapiga mstari.

“Hizi ndizo zako,” akamwambia mwenzake. “Zile za mbele, mrudishie mwenyewe.”